Picha imeharibika baada ya kuwasha DLSS, FSR au XeSS? Anza na dalili

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kisauni aliniletea mashine yake kwa tuk-tuk, kaifunga shuka la kitanda isipigwe na mvua. Hata hajaketi: "Ami, nataka kuuza hii kadi. FSR takataka. Rafiki yangu ana DLSS, picha yake kama kioo."

Ndani mlikuwa na RX 580, kadi ya grafiki ya AMD, ya zamani lakini nzima, na nyumbani anatumia monita ya 1080p, yaani pikseli 1920 kwa 1080. Nikaunganisha na monita yangu, nikafungua gemu yake, nikaingia kwenye mipangilio. FSR ilikuwa "Performance". Nikaipandisha hadi "Quality", nikashusha vivuli ngazi moja kufidia fremu, yaani picha zinazochorwa kila sekunde, nikamgeuzia skrini. Mle ndani ya gemu palikuwa na ua wenye kamba ya kuanikia nguo. Mwanzo kamba ile ilionekana nukta nukta, kama imetafunwa na panya. Sasa ilikuwa kamba. Kadi hakuiuza.

Karibu kila anayekuja na shida hizi huuliza ipi bora kati ya tatu: DLSS ya Nvidia, FSR ya AMD au XeSS ya Intel. Kwangu hilo ni swali la mwisho. La kwanza ni pikseli ngapi unakilisha kikuzaji chako, na la pili ni kama kadi ndiyo inayokuchelewesha kweli.

Hesabu kabla ya dalili

Vikuzaji vyote vina kazi moja: gemu huchorwa kwa pikseli chache, kisha picha hukuzwa ijae monita. Kadi huokoa muda wa kuchora, hutumia sehemu ya muda huo kukuza, na kinachobaki ndicho fremu zako za ziada. Majina ya ngazi yanaficha namba, kwa hiyo tuzitoe nje. Kwa DLSS na FSR, "Quality" hugawanya upana na urefu wa picha kwa 1.5, "Balanced" kwa 1.7 hivi, "Performance" kwa 2, na "Ultra Performance" kwa 3.

Mwenye monita ya 4K akiweka "Performance", gemu yake inachorwa kwa 1920 kwa 1080, pikseli zaidi ya milioni 2. Hapo kikuzaji kina unga wa kutosha kukanda. Wewe wa 1080p ukiweka neno hilohilo, gemu inachorwa kwa 960 kwa 540, pikseli 518,400, yaani robo tu ya zinazotakiwa. Nyingine zote ni za kukisia. Ndiyo maana zile video za kulinganisha, nyingi zikiwa zimerekodiwa kwa 4K, zinatupoteza sisi wa monita ndogo: mtu anasifu "Performance" na anasema kweli, ila ni kweli ya kwake. Kwa 1080p mimi sishuki chini ya "Quality", ambayo ni 1280 kwa 720, na hata hapo sitarajii miujiza.

XeSS ina mtego wake. Tangu toleo la 1.3 la mwaka 2024, Intel walisogeza ngazi: "Quality" yao sasa hugawanya kwa 1.7, na ile ya 1.5 ndiyo inayoitwa "Ultra Quality". Ukiweka "Quality" ya XeSS kando ya "Quality" ya DLSS ukasema XeSS ina ukungu, umelinganisha kibaba na pishi.

Jambo jingine la kujua ni kwamba kuna koo mbili. FSR 1, iliyotoka Juni 2021, hutazama fremu moja tu na kuinyoosha kwa ustadi. Vivyo hivyo vikuzaji vilivyomo kwenye draiva, NIS ya Nvidia na RSR ya AMD. Ukoo wa pili hukumbuka fremu zilizopita: DLSS tangu toleo la 2 la Machi 2020, FSR tangu toleo la 2 la 2022, na XeSS tangu kuzaliwa kwake mwaka huohuo. Humo nako DLSS, XeSS na FSR 4 hutumia akili mnemba iliyofunzwa, ilhali FSR 2 na 3 ni kanuni zilizoandikwa na watu. Nyingi ya dalili zilizo hapa chini zinatoka kwenye kumbukumbu hiyo ya fremu, au kwenye kukosekana kwake.

Dalili: picha ina ukungu

Zima kikuzaji kabisa kwanza, ucheze dakika mbili kwa resolusheni kamili ya monita. Ukungu ukibaki, kikuzaji hakina kosa. Gemu nyingi za siku hizi hulainisha kingo kwa njia iitwayo TAA, nayo yenyewe hufifisha picha. Nimeona gemu ambazo DLSS ya "Quality" inatoa picha safi kuliko TAA ya resolusheni kamili, na watu hawaamini mpaka waone. Zima pia ule ukungu wa mwendo, chembechembe za filamu na zile rangi zinazotengana kwenye pembe za skrini. Hayo ni mapambo tu.

Ukungu ukija tu unapowasha kikuzaji, tazama resolusheni ya gemu. Hili ndilo kosa ninalolikuta zaidi. Mtu anashusha resolusheni kutoka 1080p hadi 900p ili "kuisaidia kadi", halafu anawasha FSR juu yake. Sasa picha inakuzwa mara mbili: FSR inaifikisha 900p, kisha monita inaivuta hadi 1080p, na monita haina ustadi wowote, inavuta tu kama mpira. Resolusheni ya gemu iache ilingane na ya monita. Kushusha ni kazi ya kikuzaji. Kwa sababu hiyohiyo, usiwashe RSR au NIS kwenye draiva kama gemu ina kikuzaji chake.

Kuna ukungu mwingine wa kijanja zaidi. Simama tuli mbele ya ukuta. Kingo za mlango ni kali, lakini mawe ya ukuta na kitambaa cha nguo ya mhusika vimefifia kama vimepakwa mafuta. Hapo teksicha, yaani zile picha zinazovishwa kuta na nguo, ndizo zenye shida. Gemu huchagua teksicha kubwa au ndogo kwa kuangalia resolusheni inayochorwa, na waliotengeneza wakisahau kuirekebisha, huchukua teksicha za 720p na kuziweka kwenye picha ya 1080p. Dawa yake hutoka kwa waliotengeneza gemu, kwa hiyo sasisha gemu kwanza. Kusubiri kukiwa kurefu, pandisha kichujio cha teksicha hadi 16x. Hakikugharimu kitu cha maana, na barabara na sakafu zinazokwenda mbali hupata uhai.

Kitelezi cha ukali nakiweka mwisho makusudi, maana wengi huanzia hapo. Kinasaidia kikipandishwa kidogo. Kikijazwa, kila ukingo unavaa uzi mweupe, na kumetameta nako kunaanza.

Dalili: vitu vinavyokwenda vinaburuta mkia

Mteja mwingine, mzee wa makamo anayecheza gemu za magari usiku baada ya kufunga duka lake la vipuri, aliniambia taa za nyuma za gari la mbele "zinaandika barabarani". Nilipoona nikakubali: kila taa nyekundu iliacha mstari hafifu nyuma yake, ukikaa kama nusu sekunde kabla ya kufutika. Kunguru akipita angani aliacha kunguru wengine watatu wepesi.

Kinachotokea ni hiki. Gemu hukipa kikuzaji vekta za mwendo, yaani maelezo kwamba pikseli hii iliyo hapa, fremu iliyopita ilikuwa kule. Kikuzaji huenda kule, kikachukua rangi iliyohifadhiwa na kuichanganya na mpya. Kitu kisichokuwa na vekta, kama moshi, mvua, cheche, kioo chenye kuakisi au skrini ya televisheni iliyomo ndani ya gemu, kinaachwa na rangi yake ya zamani pale kilipokuwa. Huo ndio mkia.

Kwa hiyo swali la kwanza: je, mkia uko kwenye moshi na cheche tu, au kwenye kila kitu? Ukiwa kwenye moshi tu, kosa ni la gemu, na kubadilisha kikuzaji kutapunguza tu. Ukiwa kwenye kila kitu, angalia fremu zako. Kwa fremu 30 kwa sekunde, kitu husogea mara mbili zaidi kati ya fremu moja na nyingine kuliko kwa 60, na kumbukumbu inazidi kuwa ya uongo. Yule mzee alikuwa akicheza kwa 34. Tulishusha mwanga wa kuakisi na msongamano wa watazamaji kando ya barabara, fremu zikafika 58, na mkia ukapungua kabla hatujaigusa DLSS.

Halafu toleo. Gemu iliyotoka miaka kadhaa nyuma hubeba DLSS ya siku ile, ndani ya faili moja iitwayo nvngx_dlss.dll. DLSS 4 ya Januari 2025 ilikuja na modeli ya aina mpya, na sehemu hiyo ya kukuza inafanya kazi kwenye kadi zote za RTX za Nvidia, hata za mwaka 2018. Programu ya Nvidia yenyewe hukuruhusu kuilazimisha kwenye gemu inazozitambua, nayo ndiyo njia ninayoipendelea. Mkia hupungua sana, nyavu na nyaya zinatulia, ila kwenye kadi za zamani inakula fremu zaidi kidogo kuliko modeli ya kwanza. Wapo wanaobadilisha faili kwa mkono. Kwa gemu ya kucheza peke yako sina neno. Kwa gemu za mtandaoni zenye ulinzi wa wadanganyifu usithubutu: ulinzi ukiona faili imeguswa, hautakuuliza ulikuwa na nia gani.

Kwa FSR mambo ni tofauti. FSR 2 mara nyingi ilishonwa ndani ya gemu yenyewe, hakuna faili ya kubadilisha. Dalili yake maalumu ni povu: mhusika akikimbia, pale alipotoka panachemka kama soda kwa muda mfupi, kwa sababu eneo lililofunuliwa halina historia. FSR 3.1 ya mwaka 2024 ilipunguza povu hilo, na FSR 4 ndiyo iliyoliondoa kwa kiasi cha kutosha mimi kuacha kulitafuta. Lakini FSR 4 ilipotoka Machi 2025 ilikuja kwa ajili ya kadi za RX 9000. Mwenye RX 580 au RX 6600 akisoma sifa zake asidhani anasoma habari za kadi yake.

Dalili: kumetameta

Paa la makuti, majani ya mnazi, wavu wa uzio, ngazi ya chuma ukiitazama kwa mbali. Vitu vyembamba kuliko pikseli moja ya picha ndogo huonekana fremu hii, vikapotea ijayo. Panda ngazi moja, shusha ukali. Kama gemu inatoa FSR 1 na FSR 2 kwa pamoja, achana na FSR 1, maana isiyokumbuka fremu iliyopita haiwezi kutuliza kitu. Kwenye kadi ya GTX, zile za Nvidia zisizopata DLSS, jaribu XeSS: mara nyingi nyavu zake zimetulia kuliko za FSR 2, kwa gharama ya fremu chache.

Dalili: nimewasha, fremu haziongezeki

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na G, usome matumizi ya kadi wakati gemu inakwenda. Yakiwa karibu asilimia 99, kadi ndiyo inayochoka na kikuzaji kitasaidia. Yakiwa 60 au 70, kadi inasubiri prosesa, na kuipunguzia kadi kazi ni kutwanga maji kinuni. Naziona sana kompyuta za ofisini zilizokuja mitumba kutoka Ulaya, prosesa ya vizazi vingi nyuma, zimetiwa kadi nzuri ya mkono wa pili. Mwenye mashine anashuka kutoka "Quality" hadi "Ultra Performance", picha inakuwa uji, na fremu zinabaki 47 palepale. Rudisha picha juu, kisha punguza mambo ya prosesa: umati wa watu, umbali wa kuona, fizikia.

Kabla ya hapo hakikisha hujafungia fremu mwenyewe. Ukiwa na V-Sync, inayofunga fremu zisizidi mwendo wa monita, kwenye monita ya 60 utaona 60 hata uwashe nini.

Memori ya kadi nayo. Kikuzaji chenyewe kinahitaji nafasi, na kadi ya 4GB iliyojaa teksicha hujikwaa kila unapogeuka. Shusha teksicha ngazi moja, usiguse kikuzaji. Na XeSS kwenye kadi isiyo ya Intel hupita njia nyingine, nzito zaidi. Kwenye kadi za zamani sana kazi hiyo ya kukuza inaweza kula karibu fremu zote ulizookoa.

Dalili: DLSS haionekani kwenye orodha, au imefifishwa

DLSS inataka RTX. GTX 1650 na 1660 zilitoka 2019, baada ya RTX za kwanza, lakini hazina zile sehemu za kadi zinazofanya hesabu za akili mnemba. Hakuna draiva itakayoziotesha. Nilishamwona kijana aliyeuziwa laptopu ya GTX kwa ahadi kwamba "DLSS itakuja kwa sasisho". Mpaka leo anasubiri.

Ukiwa na RTX na bado huioni, chungulia nyuma ya mashine. Waya wa HDMI umechomekwa kwenye kadi au kwenye mazabodi? Usicheke, mimi mwenyewe nilishahangaika dakika ishirini na draiva kabla ya kuinama. Kwenye laptopu, huenda gemu inatumia grafiki ya prosesa: ingia mipangilio ya grafiki ya Windows, uipe gemu hiyo kadi kubwa. Gemu nyingine huonyesha vikuzaji ikiwashwa kwa DirectX 12 tu. Na kama kilichofifishwa ni utengenezaji fremu wa DLSS, unahitaji RTX 40 au mpya zaidi, na Windows iwe imewashwa upangaji kazi wa kadi, ule unaoandikwa "Hardware-accelerated GPU scheduling".

Dalili: namba kubwa, mkono mzito

Unaona fremu 100, lakini ukisogeza mausi ni kama unasukuma mkokoteni wa maji mchangani. Umewasha utengenezaji fremu. Huo si ukuzaji, ingawa majina yamechanganywa pamoja: fremu ya kubuni inapachikwa kati ya mbili za kweli, na ili ipachikwe, ile ya kweli lazima isubiri. Mkono wako unausikia mwendo wa fremu za kweli. AMD wenyewe wanashauri uwe na fremu 60 kabla ya kuuwasha. Ukitoka 60 kwenda 100, starehe. Ukitoka 30 kwenda 55, unacheza gemu ya 30 iliyovaa nguo ya kuazima. Washa Reflex au Anti-Lag, zinazopunguza uzito huo wa mkono, na kwa gemu za kurushiana risasi mtandaoni zima kabisa utengenezaji fremu. Maandishi na alama za skrini zikigawanyika unapogeuka haraka, sababu ni hiyohiyo.

Dalili: nusu saa safi, halafu inaanza kukwama

Huku kwetu hii ni dalili ya kaskazi. Januari, dirisha wazi, feni ya dari inasukuma hewa ya moto, na mashine imebanwa chini ya meza ukutani. Kadi ikipita nyuzi 80 na kitu huanza kujipunguza mwendo, na mwenyewe analaumu sasisho la juzi. Fungua ubavu. Vumbi la Mombasa halipeperuki, limeshikana na unyevu wa chumvi na kuwa kama ugali mkavu kwenye mapezi. Lilainishe kwa brashi laini, uifunge feni kwa kidole isizunguke unapopuliza.

Wengi hapa hudhani kuwasha kikuzaji kunaipoza kadi. Hakuipozi, kama hukuifungia fremu. Kadi inachukua nafasi uliyoipa, inachora fremu nyingi zaidi, na inabaki asilimia 99 ikichemka vilevile. Weka "Quality", kisha funga fremu 60. Ndipo matumizi yanaposhuka, feni zinapunguza kelele, na tokeni za stima zinakwenda mbali kidogo. Kwa kijana wa Kisauni tulifanya hivyo pia. Kadi ilikuwa nyuzi 86 alipokuja, ikatulia kwenye 74, na aliporudi nyumbani alinitumia picha ya ile kamba ya nguo, safari hii kwenye monita yake.